Sheria za kubana mafuta ya magari: hela inatoka mfukoni mwa nani?

Msomaji mmoja kauliza hivi, nimefupisha kidogo: "Serikali nyingi zinalazimisha kampuni za magari zitengeneze gari zinazokula mafuta kidogo, wanasema raia ataokoa hela. Mbona bei ya gari mpya inazidi kupanda na mitumba nayo inapanda? Kama shida ni mafuta, si wangepandisha tu kodi ya mafuta tujue moja? Na mimi ninayetafuta gari sasa hivi niangalie nini?"

Swali zuri sana, na ndani yake kuna maswali matatu ambayo nitayajibu yakiwa yamechanganyika maana hata kwenye uchumi yenyewe yamechanganyika hivyohivyo. Jibu la haraka kwa wenye haraka: sheria hizi zinapunguza mafuta kweli, ila zinapunguza kidogo kuliko zinavyotangazwa, gharama yake ipo ila imejificha ndani ya bei ya gari, na kinachoamua kama raia amenufaika au amepigwa ni namna sheria ilivyoandikwa kuliko ukubwa wa lengo lenyewe. Hilo la mwisho ndo nataka ulishike vizuri, nitalirudia kwa mifano maana wanasiasa wanabishania namba tu, iwe maili 35 au iwe 50 kwa galoni, wakati hela nyingi zinapotea kwenye vifungu vidogovidogo ambavyo hakuna anayevisoma.

Tuanzie Marekani maana sheria yao ndo imekaa muda mrefu na imechunguzwa sana. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilibana mafuta, bei ikaruka, foleni kwenye vituo, na Desemba 1975 Rais Gerald Ford akasaini sheria iliyozaa kile wanachokiita CAFE, yaani kila kampuni ipigiwe wastani wa magari yote mapya inayouza kwa mwaka na huo wastani usishuke chini ya kiwango. Magari madogo ya modeli ya 1978 yalianza na maili 18 kwa galoni, ambayo ni kama kilomita 7.7 kwa lita, na lengo likawa 27.5 ifikapo 1985, yaani kama kilomita 11.7 kwa lita. Magari yakabadilika kweli, hilo halina ubishi, ingawa bei ya mafuta nayo ilikuwa inasukuma upande huohuo kwa hiyo sifa zote usiipe sheria.

Sasa angalia kilichofuata. Sheria iliweka kapu mbili, moja la magari ya kawaida na lingine la kile walichokiita lori jepesi, likiwa na kiwango cha chini zaidi, kwa sababu wakati ule pikapu zilikuwa za wakulima na mafundi na hakuna aliyetaka kuwabana. Miaka mingi gari ya kawaida ilidaiwa 27.5 huku lori jepesi likidaiwa 20.7 tu. Ukiwa mwenye kiwanda utafanya nini? Utatengeneza gari ya familia yenye umbo ambalo sheria inaliita lori. Ndo SUV zikashamiri, na leo pikapu, SUV na jamii zake ndo sehemu kubwa kabisa ya magari mapya yanayouzwa Marekani. Sisemi ni sheria peke yake, watu wanazipenda pia na mafuta yalikuwa rahisi miaka ya 90, ila mlango uliachwa wazi. Kuna mifano midogo inayoonyesha vizuri sana: Chrysler PT Cruiser, kigari cha familia kabisa, kilihesabiwa lori jepesi kwa sababu viti vya nyuma vinatoka na sakafu inabaki bapa. Na mwaka 2004 Subaru wakatangaza Outback ya modeli ya 2005 inainuliwa kidogo kutoka chini, hata ile ya umbo la saluni, ili nayo ihesabiwe lori. Gari ileile, barabara ileile, sentimita chache tu za kuinua na deni la mafuta linapungua kwa mujibu wa sheria. Na ile kodi ya magari mapya yanayokula mafuta mengi kupita kiasi, iliyopitishwa 1978, nayo inagusa magari ya kawaida tu, SUV na pikapu zinapita.

Japani wao walipima kwa uzito. Gari nzito ilipewa lengo jepesi na lengo lilikuwa linashuka kwa ngazi, yaani ukivuka kilo fulani unahamia ngazi inayofuata ambayo ni rahisi zaidi kuifikia. Wachumi wawili, Koichiro Ito na James Sallee, wakachora uzito wa magari yote yaliyouzwa wakakuta yamejazana pale mwanzoni mwa kila ngazi, yaani gari zimeongezwa uzito makusudi ili ziruke mstari. Hebu fikiria, sheria ya kupunguza mafuta inamlipa mtengenezaji aongeze chuma kwenye gari! Na huo uzito unalipiwa na watu wengi, mnunuzi analipa chuma, kituo cha mafuta kinalipwa zaidi, na aliye kwenye gari ndogo mkigongana ndo anaumia zaidi.

Hapo kwenye kuumia ngoja nikae kidogo maana watu wanalisahau kwenye hesabu. Kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2002 ikakadiria kwamba kupunguzwa kwa ukubwa na uzito wa magari miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 kulichangia vifo vya ziada kati ya 1,300 na 2,600 kwa mwaka 1993 peke yake, wajumbe wawili wa kamati hawakukubaliana na hiyo hesabu lakini hoja ikabaki mezani. Ndo moja ya sababu baada ya sheria ya 2007 Marekani wakahamia mfumo wa kupima alama ya gari barabarani, yaani eneo lililo kati ya matairi manne, gari yenye eneo kubwa inapewa lengo jepesi. Nia ilikuwa njema, kampuni isikimbilie kukata ukubwa. Ila umeshaona shida iko wapi, sasa kampuni inapata unafuu ikiongeza ukubwa. Kila unapolegeza lengo kwa sababu ya sifa fulani ya gari, hiyo sifa utaiona inaongezeka barabarani, mi sijaona sehemu ambapo haikutokea.

Haya, tuje kwenye bei, hapo ndo swali lako lilipo. Ili gari ipunguze mafuta bila kupungua nguvu inabidi uweke vitu: turbo, gia nane au kumi badala ya nne, mfumo wa kuzima injini kwenye foleni, tairi zisizoburuza sana, mota ya haibridi, bodi nyepesi. Ford walipobadilisha bodi ya pikapu ya F-150 ya modeli ya 2015 kuwa aluminiamu walipunguza hadi kilo 300 na ushee, lakini aluminiamu sio bure na fundi wa bodi anahitaji vifaa vingine kabisa. Gharama inaingia kwenye bei. Serikali huwa zinasema utarudishiwa kwenye mafuta ndani ya miaka michache, na mara nyingi hesabu hiyo ni ya kweli kwa mtu anayeendesha sana, kwa anayetoa gari Jumapili tu hairudi leo wala kesho.

Ila kuna gharama nyingine ambayo haionekani hata kwenye risiti, nayo ni kile ulichokikosa. Christopher Knittel, mchumi wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alipiga hesabu kwamba kati ya 1980 na 2006 maendeleo ya injini yalikuwa makubwa kiasi kwamba kama magari yangebaki na uzito na nguvu za 1980, umbali kwa lita ungepanda kwa karibu asilimia 60. Ulipanda kwa kama asilimia 15 tu. Zilizobaki zote zilienda kwenye nguvu na ukubwa, kwa sababu ndivyo wanunuzi walivyotaka na sheria iliwaacha. Kwa hiyo sheria ikikaza, ujue mnunuzi anaachishwa kitu alichokuwa anakipenda, kuongeza mwendo ghafla, kuvuta mzigo, nafasi. Mimi binafsi naona ni sawa kumwachisha kwa sababu moshi wake tunauvuta wote, lakini usimwambie hajapoteza kitu, amepoteza.

Sasa mitumba. Hili lina jina lake kwa wachumi, wanaliita athari ya Gruenspecht, kwa sababu Howard Gruenspecht ndiye aliyelieleza mwaka 1982. Gari mpya ikipanda bei, wengine wanaahirisha kununua, wanabaki na ya zamani, mitumba inatafutwa zaidi, bei ya mitumba inapanda, na gari iliyokuwa inaenda kukatwakatwa chuma chakavu sasa inalipa kuitengeneza injini iendelee miaka mitatu minne tena. Mark Jacobsen na Arthur van Benthem walipima hili Marekani, matokeo yao ya 2015 yanasema kati ya asilimia 13 na 16 ya mafuta yanayotarajiwa kuokolewa yanavuja kupitia njia hii. Na angalia nani anaumia: aliyenunua gari mpya anapata teknolojia kwa hela yake, asiye na uwezo analipa zaidi kwa gari kuukuu ambayo inakula mafuta vilevile kama zamani. Tafiti za Marekani zilizotenganisha mpya na kuukuu zimekuta hivyo, ukiangalia gari mpya tu mzigo unaonekana uko kwa wenye nazo, ukiingiza mitumba unageukia wa chini. Ndo maana jibu langu kwenye swali lako la "mbona mitumba nayo" ni kwamba ndiyo, sheria inachangia, ingawa sio sababu pekee.

Gari kuukuu pia zinasafiri. Meksiko walipofungua mpaka kwa mitumba ya Marekani mwaka 2005, zaidi ya magari milioni 2.5 yalivuka hadi 2008. Lucas Davis na Matthew Kahn waliolifuatilia wakakuta yaliyovuka yalikuwa machafu kuliko wastani wa yaliyobaki Marekani, ila yalipofika Meksiko yalikuwa na hali nzuri kuliko mengi yaliyokuwa kule, kwa hiyo wastani wa nchi zote mbili ukapendeza kwenye karatasi wakati jumla ya moshi iliongezeka, maana magari hayakufa, yalipewa maisha mengine. Sheria ya nchi moja inaishia mpakani, gari haiishii hapo.

Kingine ni ile tabia ya kuendesha zaidi. Gari ikiwa nafuu kwa kilomita, unaitumia zaidi, unahamia mbali na kazini, unakubali safari ambayo ungeiacha. Watu wengine wanaligeuza hili kuwa hoja kwamba sheria hazina maana kabisa, hapana, sio kweli. Makadirio mengi ya nchi tajiri yanazunguka kwenye asilimia 10, yaani katika lita 10 ulizotegemea kuokoa, moja inarudi barabarani na tisa zinabaki. Ila hiyo moja inakuja na foleni na ajali zake, na hizo huwa zinasahaulika.

Kwa nini sasa usipandishe tu kodi ya mafuta? Ukiwauliza wachumi wengi watakwambia hivyohivyo, na mimi nipo kundi hilo kwa sehemu kubwa. Kodi inagusa kila gari iliyopo barabarani kuanzia siku ya kwanza, mpya na kuukuu, inamgusa anayeendesha kilomita 40,000 zaidi kuliko anayeendesha 4,000, na haimwambii mtu anunue gari gani. Sheria ya ufanisi inagusa gari mpya tu, na magari yote ya nchi kubadilika inachukua zaidi ya miaka kumi. Kundi la watafiti wa MIT wakiongozwa na Valerie Karplus walikadiria 2013 kwamba kupunguza kiasi kilekile cha petroli kwa sheria za ufanisi kunagharimu mara 6 hadi 14 zaidi ya kodi. Namba kubwa hiyo, hata ukiigawa nusu bado inatisha.

Lakini kodi inaonekana kwenye pampu na sheria haionekani, siasa yote iko hapo. Ufaransa walipopanga kuongeza kodi ya mafuta, Novemba 2018 watu wa vizibao vya njano wakajaa barabarani na serikali ikarudi nyuma mwezi uliofuata. Jimbo la British Columbia kule Kanada walianza kodi ya kaboni 2008 wakiirudisha hela kwa kupunguza kodi ya mapato, ikadumu miaka mingi, na hata hiyo imeondolewa kwa wateja Aprili 2025. Kodi ya serikali kuu ya Marekani kwenye petroli imekaa senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, haijaguswa hata mfumuko wa bei haujafidiwa. Kwa hiyo anayesema "weka kodi tu" awe na jibu la nani ataipitisha na itadumu vipi.

Na kuna sababu ya kiuchumi kabisa ya kuwa na sheria, sio siasa tu. Mnunuzi hapigi hesabu ya mafuta ya miaka 15, wengi wanaangalia miaka michache watakayokaa na gari. Hunt Allcott na Nathan Wozny walikuta wanunuzi Marekani wanafanya kama dola moja ya mafuta ya baadaye ina thamani ya senti 76 za leo, baada ya kuzingatia riba. Wengine wamekuta watu wanathamini karibu dola nzima, kwa hiyo ubishi haujaisha.

Tena kuna kosa la hesabu linalotupata wote, ngoja nilionyeshe. Chukua kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari A inaenda kilomita 6 kwa lita, ukiibadilisha na ya kilomita 8 umetoka lita 2,000 hadi 1,500, umeokoa 500. Gari B inaenda kilomita 15 kwa lita, ukiibadilisha na ya kilomita 30, ambayo ni mara mbili kabisa na matangazo yatapiga kelele, umetoka lita 800 hadi 400, umeokoa 400 tu. Ile hatua ndogo ya 6 hadi 8 imeokoa zaidi! Richard Larrick na Jack Soll waliliandika hili kwenye jarida la Science mwaka 2008 na tangu hapo nimekuwa nikimwambia kila mtu apime kwa lita kwa kilomita 100. Kwa sera maana yake ni kwamba faida kubwa iko kwenye magari mazito, yaani yaleyale ambayo sheria ya Marekani iliyaachia mlango.

Ulaya wao walikaza kweli, gramu 95 za hewa ya kaboni dioksidi kwa kilomita kama wastani wa magari mapya, kikianza kutumika 2020 na kukamilika 2021, na faini ni euro 95 kwa kila gramu ya ziada kwa kila gari. Kampuni ikiuza magari 500,000 na kuzidisha gramu mbili tu, ni euro milioni 95. Kwa faini hiyo kampuni zinasikiliza. Ila zilisikiliza maabara kuliko barabara, pengo kati ya ulaji wa maabara na wa barabarani lilikua kutoka kama asilimia 9 mwaka 2001 hadi karibu 40 katikati ya miaka ya 2010, na jaribio jipya likaanza 2017 kujaribu kulifunga. Mnunuzi alilipia akiba ambayo sehemu yake ilikuwepo kwenye karatasi tu, na serikali zilizokuwa zinatoza kodi ya gari kwa gramu nazo zikapoteza mapato.

Kuhusu ajira sina mengi, kila upande unatoa namba zake za kutisha, kwa kawaida kazi zinahama kutoka kiwanda fulani hadi kwa anayetengeneza turbo au betri. Kinachoumiza viwanda zaidi ni sheria inayogeukageuka. Injini mpya inapangwa miaka mitano kabla, sasa Marekani mwaka 2012 walitangaza lengo la maili 54.5 kwa galoni ifikapo 2025, mwaka 2020 wakalegeza, 2022 wakakaza tena, Julai 2025 bunge likashusha faini ya CAFE hadi sifuri. Aliyewekeza mapema anaadhibiwa. Tesla, wanaotengeneza magari ya umeme, kwa mwaka 2023 tu walipata dola bilioni 1.79 kwa kuuza pointi za ziada, zile unazopata ukivuka kiwango, kwa kampuni zilizoshindwa kufikia viwango mbalimbali. Pointi hizo zina faida yake, anayeweza kupunguza kwa bei rahisi anapunguza zaidi na kulipwa na asiyeweza, lakini sheria ikifa usiku mmoja thamani nayo inakufa.

Na usisahau barabara zenyewe, nyingi zinalipwa na kodi ya lita. Lita zikipungua mfuko unakauka, Marekani tangu 2008 wanauongezea hela kutoka hazina kuu, na jimbo la Oregon 2015 likaanza mpango wa hiari wa kulipia kwa maili. Nchi nyingi zitafika huko.

Ningepewa niandike mimi, ningeanza na kodi ya mafuta inayorudishwa kwa wananchi kwa kiasi sawa kila kichwa, na pale isipowezekana ningeweka sheria yenye kapu moja kwa magari yote, bila kumlegezea mtu kwa uzito wala ukubwa, ikipimwa barabarani, na ratiba isiyoguswa kwa miaka kumi.

Wewe unayetafuta gari, achana na kilomita kwa lita zilizobandikwa kwenye kioo, tafuta ulaji halisi kutoka kwa wenye gari hiyo, ugeuze kuwa lita kwa kilomita 100. Tuseme moja inakula 9 na nyingine 6, tofauti ni lita 3. Ukiendesha kilomita 12,000 kwa mwaka ni lita 360, zidisha kwa bei ya mafuta unayolipa, zidisha tena kwa miaka unayotegemea kukaa nayo. Tofauti ya bei ya hizo gari mbili ikiwa chini ya hapo, chukua inayobana. Ikiwa juu na huendeshi sana, usione aibu kuchukua ile ya bei rahisi, ila kabla hujalipa kama ni haibridi kuukuu mwambie fundi aipime betri kwanza maana ikifa hiyo akiba yote inaondoka nayo.